Mwaka wa corona umeniachia viporo, barakoa na daftari la malengo. Nianze na lipi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, naishi Mbagala na mume wangu. Kibanda changu kipo pembeni ya barabara, si mbali na Rangi Tatu. Ushonaji nilifundishwa na mama mdogo tangu nikiwa shule ya msingi, chuo sijapita. Kabla ya mwaka jana mwaka wangu ulikuwa unajulikana: Januari sare za shule, Ramadhani madera na magauni ya watoto ya sikukuu, halafu harusi mpaka Desemba. Katikati ya hapo ni kubadilisha zipu, kupunguza suruali na kutia viraka, hizo ndizo pesa za mboga.

Ikafika Machi 2020. Tarehe 16 akatangazwa mgonjwa wa kwanza nchini, kesho yake shule zikafungwa na mikusanyiko ikazuiwa. Wiki ile kila simu iliyoingia ilikuwa inasema, "Fundi, subiri kwanza." Nilikuwa na sare ya kamati ya sendoff, vitenge vya zambarau vyenye maua ya dhahabu, vyote nimeshakata na vingine nimeshaunga mabega. Wenye shughuli wakaahirisha bila kutaja tarehe. Advansi nilishaitumia kwenye bitana, zipu na kodi ya kibanda. Ninavyokuandikia, nguo hizo bado zipo kwenye mfuko chini ya meza yangu. Wengine wakinipigia naogopa hata kupokea.

Halafu zikaja barakoa. Aprili mkuu wa mkoa alipoagiza watu wavae barakoa wakitoka nje, nilishona usiku na mchana. Mume wangu ni bodaboda, akawa anazipeleka stendi na sokoni. Mpira ulipoadimika nikawa nakata kamba kwenye fulana za mtumba. Binti wa dada yangu, aliyemaliza kidato cha nne, akaja kutoka Lindi kunisaidia kukata na kukunja. Kusema kweli ile miezi miwili niliiona pesa. Nikanunua ovaloki iliyotumika, nusu kwa taslimu na nusu kwa mkopo wa kikoba ambao bado naulipa.

Vyuo viliporudi Juni mosi na shule tarehe 29, watu wakavua barakoa kama vile wamekubaliana. Nimebaki na boksi zima, pamoja na kipande kikubwa cha jora la pamba nyeupe. Binti akarudi Lindi. Harusi zimeanza kurudi, lakini wateja wangu wengine wameshazoea mafundi wa kwingine.

Sasa Shangazi, mwisho wa mwaka nilikaa na daftari nikaandika malengo ya 2021. Nimeandika kujifunza suti za kiume. Kujifunza kudarizi. Kufungua duka Kariakoo. Kuwa na nguo zenye jina langu. Kufundisha mabinti. Kushona bila kuchelewesha mteja hata mmoja. Kununua mashine nyingine. Na lile la moyoni kabisa, siku moja nguo zangu zipite kwenye jukwaa la Swahili Fashion Week. Nikayasoma yote nikalia, kwa sababu naona mwaka mzima umepotea na mimi nipo pale pale.

Mume wangu anasema nirudi kwenye zipu na viraka kwa sababu ndivyo vilivyotulisha. Jirani yangu anasema nikope nichukue mashine ya kudarizi, kwamba pesa ipo huko. Mimi mwenyewe sijui. Mikono inafanya kazi lakini hamu sina. Tangu Machi mwaka jana sijajishonea hata sketi.

Naomba uniambie, kweli mwaka umepotea? Nianze na lengo lipi? Zile nguo za sendoff nifanyeje, na barakoa je? Na yule binti, nimrudishe? Dada yangu ananiuliza kila wiki.

Fundi wa Rangi Tatu


Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako kila nikiisoma macho yanarudi kwenye ule mfuko chini ya meza. Umeandika malengo mengi, yote ya mbele, na hakuna hata moja linalougusa. Mimi naamini mfuko huo ndio unaokunyima hamu. Unakaa kwenye cherehani kila asubuhi, miguu inagusana na kazi za watu ambazo hazijaisha, simu ikiita unashtuka. Hamu itatoka wapi? Kwa hiyo malengo ya mwaka huu yaanzie hapo, kabla hujanunua hata bobini moja.

Tafuta siku ambayo kibanda kimepoa, zitoe nguo zote uzitandaze mezani. Andika kwa kila moja ni ya nani, imefikia wapi, alitoa shilingi ngapi na imebaki ngapi. Halafu piga simu wewe, usisubiri kupigiwa. Usijieleze sana habari za corona, kila mtu aliiona. Sema hivi: "Dada, kitenge chako ninacho, kimefika mabegani, nataka kukimaliza mwezi huu. Njoo nikupime upya."

Hilo la kupima upya ni la lazima. Karibu mwaka mzima umepita. Kuna aliyejifungua, kuna aliyenenepa kwa kukaa nyumbani, kuna aliyekonda kwa mawazo. Ukishona kwa kipimo cha Machi utakuwa unatengeneza ugomvi. Angalia kwanza uliacha kitambaa kiasi gani pembeni. Kama uliacha inchi moja kwenye kila ukingo, mshono wa kulia na wa kushoto, mbele na nyuma, unaweza kutanua gauni kwa inchi mbili kamili na kila ukingo ukabaki na nusu inchi ya kushikilia. Kwa wengi hiyo inatosha.

Kama haitoshi, pachika ubapa, yaani kipande kirefu cha kitambaa, pembeni, kuanzia kwapani mpaka kwenye pindo, kwa satini ya rangi ile ile ya dhahabu iliyo kwenye maua. Na kwa kuwa ni sare, weka ubapa huo kwenye magauni yote, hata ya wale ambao hawakunenepa. Kwao utaingiza mshono wa zamani ndani kidogo ili kipimo kibaki chao. Hapo ubapa unageuka kuwa mtindo wa kamati nzima, hakuna atakayeonekana kuwa ameongezewa kitambaa. Wanawake hawasahau fundi aliyewasitiri namna hiyo.

Bei usiipandishe. Najua uzi na bitana vimepanda na advansi ilishakwisha, itakuuma. Lakini mlikubaliana, na jina lako Mbagala lina thamani kuliko hiyo tofauti. Asiyetaka tena gauni, mrudishie kitambaa chake, na lile lililounganishwa mweleze linaweza kuwa gauni la kawaida la kwenda kanisani au kwenye hitima. Asiyepokea simu mtumie ujumbe wa maandishi umpe mwezi mmoja, kisha umhifadhie. Usiuze kitambaa cha mtu hata kama umekasirika.

Na kuanzia sasa kila kazi ya shughuli iwe na karatasi, nakala moja kwake na moja kwako: kipimo, tarehe ya kuchukua, advansi, na mstari mmoja unaosema shughuli ikiahirishwa advansi inabaki kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Mstari huo mmoja ungekuokolea miezi mingi ya kuogopa simu yako mwenyewe.

Sasa swali la mwaka kupotea. Haukupotea, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo bila kukubembeleza. Kabla ya corona ulikuwa fundi wa nguo moja, mteja mmoja. Kila anayeingia ana picha kwenye simu, unaanza upya, unakata upya, unakisia upya. Mafundi wa hivyo Dar wamejaa kila mtaa. Barakoa zikakulazimisha ufanye kazi ambayo hukuwahi kuifanya: kupanga kitambaa tabaka juu ya tabaka ukakata kwa mara moja, kurudia umbo lile lile mpaka mkono ukalijua, kumpa mtu wa pili sehemu yake ya kazi wewe ukabaki na yako, na kujua kila kipande kimoja kinakugharimu nini. Hiyo ni akili ya kiwandani, na uliipata kibandani bila kulipa ada. Kosa litakuwa kuiacha ife kwa sababu tu barakoa zimekwisha soko.

Ndiyo maana nakuomba ufunge lile daftari la malengo manane uchague nguo moja. Nakuchagulia mimi, kwa kuwa umeuliza: shati jeupe la mwanafunzi.

Naona umekunja uso. Nisikilize. Sketi na kaptula za shule hubadilika rangi kutoka shule moja hadi nyingine, hasa sekondari, ukishona akiba inaweza kukulalia. Shati jeupe linavaliwa karibu kila shule, kwa hiyo akiba ya shati haifi. Kila Januari wazazi wanakimbizana, na wengi wanaishia kununua yale ya kupanga barabarani ambayo kufika Pasaka kola imejikunja kama jani lililokauka. Mama anayepata shati ambalo kola yake inafika Desemba ikiwa imesimama, mwaka unaofuata hatauliza bei kwa mwingine. Na shati lina kila kitu ambacho suti itakudai baadaye: kola, bega, mkono, mstari wa vifungo. Ukilimudu shati, hata lile lengo lako la suti za kiume litakuwa limesogea karibu bila wewe kujua.

Anza na kola, kwa sababu ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Kipande cha juu kiwe kikubwa kuliko cha chini kwa milimita mbili hivi kwenye kingo za nje, ili ukigeuza mshono ulale upande wa chini usionekane. Bandika kile kitambaa kigumu cha kushika kwa pasi kwenye kipande cha juu, na usikiache kikae mpaka ndani ya mshono, kitaufanya uwe mnene. Ukifika kwenye ncha usigeuze sindano kwa kona moja kali. Piga mshono mmoja au miwili mifupi ya kukatisha kona, ndipo uteremke upande wa pili. Utashangaa, ncha inatoka kali zaidi kuliko ukigeuza kwa mkato, kwa sababu kitambaa cha ndani kimepata pa kukaa. Punguza cha ziada pale nchani, geuza, sukuma kwa kijiti butu. Mkasi usiutumie, utatoboa. Piga pasi kwanza, halafu ndipo upige mshono wa juu. Ukimaliza ikunje kola katikati, ncha juu ya ncha. Kama hazilingani, fumua.

Lile jora lako jeupe ndilo la kujifunzia. Kata kola tupu, bila shati, ushone mpaka zikubali. Kipande kitakachobaki kitakuwa bitana ya magauni ya watoto sikukuu ikikaribia. Ukishapata umbo zuri, lihamishie kwenye manila ngumu kwa kila umri, andika juu yake umri na kipimo cha kifua, toboa tundu utundike kwenye msumari ukutani. Hizo karatasi ndizo mali ya fundi. Mafundi wengi wana vipimo vyao kichwani tu, siku akiugua kibanda kinafungwa.

Sindano nayo uitazame. Kwa kitambaa chepesi cha shati tumia namba 11, namba 14 ni ya kitenge, 16 ni ya jinzi. Na uibadilishe baada ya takriban saa nane za kushona, hata kama haijavunjika. Sindano butu inavuta nyuzi na kurusha mishono, halafu fundi anaisingizia mashine.

Ratiba yake sasa. Mpaka mwezi uandame, katikati ya Aprili, umalize viporo na ujifunze kola. Ramadhani shona madera na magauni ya watoto kama kawaida yako, usiiache pesa ya Idi. Baada ya hapo, kila wiki isiyo na shughuli ni wiki ya mashati, unashona ya akiba unakunja unaweka. Januari ijayo wenzako watakuwa wanakesha, wewe utakuwa unauza.

Hesabu ya bei ifanye kama ulivyofanya kwa barakoa. Tuseme kodi ya kibanda ni shilingi 60,000 kwa mwezi na unafanya kazi siku 24. Kila siku kibanda kinakula 2,500. Ukishona mashati matano kwa siku, kila shati limeshabeba 500 ya kodi kabla ya kitambaa, uzi, vifungo na umeme. Weka hivyo vyote, kisha ujiwekee ujira wako kama ambavyo ungemlipa fundi mwingine. Mafundi wengi wa kike huuza kitambaa na uzi, kazi ya mikono yao wanaitoa bure. Usifanye hivyo tena.

Hesabu hiyo hiyo mwonyeshe mumeo. Hajakosea anaposema zipu na viraka vilikulisheni, na mtu anayetoka na bodaboda asubuhi bila kujua atarudi na nini ana haki ya kuogopa mipango. Endelea navyo, weka saa zake, labda jioni watu wakirudi kazini. Lakini mwonyeshe kwa tarakimu kwamba viraka peke yake havimalizi deni la ovaloki. Ovaloki hiyo itajilipa kama ukiishindilia kazi ya mashati, na itakuwa mzigo kama itakaa inapiga pindo za suruali mbili kwa siku.

Mashine ya kudarizi ya jirani hapana. Huna kazi ya kuilisha, na mkopo wa kikoba haujaisha. Ukija kuhitaji mtaji siku za mbele, ipo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, kwa hiyo kazi yako ya mwaka huu ni kujua ni mafundi gani wa Mbagala unaoweza kuaminiana nao. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Suti nazo zina shule yake, VETA, vile vyuo vya ufundi stadi, ina kozi fupi za ushonaji, lakini hiyo iwe baada ya kola. Duka la Kariakoo lifute kwa sasa. Kariakoo na Mtaa wa Uhuru nenda kununua kitambaa kwa bei ya jumla, wateja wako wapo Mbagala na wanashukia mlangoni kwako.

Barakoa usizitupe, na usizifanye biashara ya kutegemea. Mwaka huu wa 2021 dunia bado inaugua, na mtu anayekwenda hospitali au kupanda ndege anaihitaji. Juni 5, 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu: ndani pamba inayonyonya, nje kitambaa kama poliesta kisichopitisha maji kirahisi, katikati kitambaa kisichofumwa. Zikague zako. Zenye tabaka moja au mbili ziongeze, zifue, zipige pasi, ufunge kwenye mifuko misafi uziweke mbele ya kibanda kwa bei ndogo. Wazee wa mtaani kwako wape bure.

Swahili Fashion Week sitakwambia uisahau. Mbunifu wa mavazi Mustafa Hassanali aliianzisha mwaka 2008 hapa hapa Dar, na imewapandisha jukwaani wabunifu wengi wa Afrika Mashariki. Jukwaa lipo. Lakini kinachotazamwa pale ni wazo la mtu, na wewe mwanangu hujapata nafasi ya kuwa na wazo lako, umekuwa ukishona mawazo yaliyo kwenye simu za wateja. Ndiyo maana katika yote nitakayokuomba, hili ndilo nalisisitiza kuliko mashati: kabla ya Ramadhani jishonee gauni. Lako. Usitazame picha ya mtu.

Nunua kitenge cha pamba ukipendacho wewe, kiloweke kwanza kwenye maji usiku kucha ndipo ukate, kwa sababu pamba hunywea na ile gundi inayokipa mng'aro wa dukani lazima itoke. Wateja hawakupi muda wa kuloweka, ndiyo maana magauni yao hupanda juu ya goti baada ya kufuliwa. Kianike kivulini, kipige pasi kikiwa na unyevu kidogo, kisha kitandaze uangalie maua yanaelekea wapi kabla hujagusa mkasi. Ua moja kubwa likae katikati ya kifua au mgongoni, utakavyo. Chukua muda. Hakuna anayekusubiri nje. Hiyo hamu unayoitafuta, kwa mafundi ninaowajua, hurudi mtu akiwa anakata kitambaa chake mwenyewe. Na kama wiki zitapita hulali, huli, au unalia bila sababu, usikae nalo peke yako, nenda hospitali ukaongee na daktari. Mwaka ule uliwaumiza watu kwa namna nyingi.

Limebaki la binti. Mrudishe, lakini si sasa. Sasa hivi una viporo ambavyo advansi yake imeshaliwa, hutakuwa na cha kumlipa, na mtoto wa ndugu asiyelipwa hugeuka kuwa mfanyakazi wa ndani bila mtu yeyote kukusudia. Mwite baada ya Idi, mashati yatakapoanza. Alishajua kukata na kukunja, kwa hiyo aanze hapo, na alipwe kwa kipande, kila Jumamosi, pesa mkononi mwake mwenyewe. Saa moja kila siku iwe ya kumfundisha kola. Akiweza kukushonea kola kumi ambazo hufumui hata moja, mpandishe malipo. Na ukimpigia dada yako wiki hii, mtajie bei ya kipande kabla hamjaanza kuongea habari za nauli.

Shangazi